Mstari Uliokatwa kwa Chaki

Salehe, mshauri wa wodi ya walioumia uti wa mgongo, alimpelekea Kibibi, fundi cherehani aliyewahi kulazwa humo, kijitabu cha kuwafariji wagonjwa alichokiandika kwa miezi mitatu. Alitaka tu amkagulie tahajia. Kibibi alisogeza kiti chake cha magurudumu kando ya cherehani, akasoma kwa sauti: "Ukilemewa na mawazo, simama, toka nje, utembee kidogo."

Salehe alihisi masikio yakimwaka. "Nisamehe, dada."

"Hujanikosea. Hukuuliza tu."

Kibibi alikaza mikono kwenye kiti, akajiinua mwili mzima, akahesabu hadi kumi na tano, akakaa. Hufanya hivyo kila nusu saa, asipate vidonda vya kukaa muda mrefu. Kisha akachukua chaki ya kushonea, akaukata ule mstari.

"Nilipolazwa, kila mtu aliniuliza naendeleaje. Nikisema vizuri, wanafurahi, wanaondoka. Ila mama wa kitanda cha pili, naye hakuwa na miguu ya kumbeba, aliniuliza kila asubuhi: leo umelia? Nikisema bado, ananiambia, basi lia, chai nakuwekea. Andika hilo mwanzo kabisa."

Salehe aliandika. Halafu akainua macho.

"Na leo, dada, umelia?"

Kibibi alijiinua tena, ingawa nusu saa ilikuwa haijafika. Salehe akahesabu kimoyomoyo: kumi na tano, ishirini, thelathini. Kibibi bado hakukaa. Salehe akavuta chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja, akakifunika kwa kisahani, akamwekea kando ya cherehani.