Ametajwa Nyumba Tatu

Mji mzima uliendeshwa na programu moja, na kila nyumba ilikuwa na faili lake. Nyumba yoyote iliweza kumtaja mzazi kwamba yupo kwingine, ila moja tu ilipaswa kumsajili. Atupele alimtaja mama yake, Tusekile, akaishia hapo. Kwa desturi mama hukaa kwa wanawe wa kiume, si kwa binti. Kaka zake wawili nao wakamtaja tu, maana mama alikuwa akilala kwa Atupele.

Mafaili yalipounganishwa, mama alirudi kutoka sokoni na ndizi zake, mlango wa nyumba ya Atupele ukakataa kumfungukia.

"Ametajwa nyumba tatu," mlango ukasema. "Hajasajiliwa hata moja."

"Basi msajili sasa!" Atupele akapaza sauti kutoka ndani.

"Usajili umefungwa mpaka mwakani."

Atupele akabandika kiganja kwenye kioo cha mlango. "Mama, vumilia."

Mlango ukamuuliza kwa upole, "Unaongea na nani?"