Kisanduku cha Tatu

Fundi wa miguu ya bandia alipewa fomu yenye visanduku viwili tu: biashara au hisani.

"Chagua kimoja, mama," karani wa usajili akamwambia.

"Mwenye uwezo ananunua kwangu, na faida inamvisha mguu asiye na kitu. Nikijiita hisani, mnanikataza kuuza. Nikijiita biashara, mnanitoza kodi hata kwa mguu niliotoa bure."

"Sheria ndivyo ilivyo."

Fundi akachukua rula ya karani, akachora kisanduku cha tatu polepole, pembe zote nne zikakaa sawasawa. Akakitia alama ya vema.

"Fomu hii siipokei," karani akasema.

"Basi andika kwamba umeikataa, utie sahihi. Naipeleka mahakamani."

Karani akashika kalamu, lakini hakuandika. Fundi akavuta kiti, akakaa.