Picha ya Siku ya Ntheo

"Wewe msichana, usiguse kitu kingine. Toa doa tu," Josphat alisema. Alikuwa amemwinamia Wendy, msichana wa kompyuta, begani mpaka pumzi zake zikamgonga shingo.

Picha yenyewe ilikuwa imelazwa kwenye skana. Upande mmoja ulionekana vizuri: Nzembi, mama yake Josphat, msichana mdogo bado, kasimama mlangoni kwao na leso mpya mabegani. Mbuzi nao walionekana. Ila yule aliyewaleta, aliyeshika kamba yao, alikuwa amefunikwa na doa la kahawia toka utosini hadi miguuni. Paa la Nzembi lilivuja juu ya sanduku miaka na miaka, na Josphat aliikuta picha humo baada ya matanga ya mama yake.

Kwenye benchi la ile saiba, duka la kompyuta la Machakos mjini, waliketi wawili. Mmoja ni Mzee Musembi, mkubwa wa ukoo, aliyekuja kwa sababu haziamini kompyuta. Alikuwa amesikia kuna vijana wanaoweza kumvisha mtu kichwa cha mwingine, kwa hiyo akasema picha isafishwe mbele ya macho yake au asiletewe kabisa. Wa pili ni Nthenya, mjane wa Kisilu, bibi kizee ambaye Josphat alikuwa amemkalia kooni tangu mazishi ya Nzembi.

Alitaka bibi huyo atoke bomani, basi. Kisilu alikuwa baba yake, ndivyo alivyoambiwa, akafa yeye Josphat akiwa tumboni. Nzembi ndiye aliyekuwa mke. Na Nthenya je? Tasa aliyehurumiwa akaachiwa pa kulala. Hivyo ndivyo alivyomwita mbele za watu, bila haya, mama aliyembeba mgongoni. Ama kweli kuna watu.

"Mzee, rudia ile sheria," alisema. "Asije akasema hakusikia."

Musembi alikohoa. "Kwetu Ukambani, aliyepeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia ndoa, ndiye mwenye ndoa. Mke ni wake, na watoto wa huyo mke ni wake, hata kama hakuwazaa. Miaka hiyo mimi nilikuwa kazini Mombasa, na walioiona wamekufa. Imebaki picha. Mmekubali nyote wawili: mwenye mbuzi akiwa Kisilu, Josphat abaki na boma na Nthenya ahame; akiwa mwingine, Josphat ahame."

"Ahame leo," Josphat alisema. "Nimeshamtolea vyombo nje."

Nthenya hakumtazama. "Kisilu hakuwahi kumwona mama yako," alisema polepole.

Josphat alicheka kicheko kibaya. "Umesikia wivu huo, Mzee? Marehemu hata hajapoa kaburini, huyu anamtukana."

"Nilimwahidi Nzembi sitasema, na sitasema. Lakini acha hiyo picha, Josphat. Twende nyumbani tukae vile tulikuwa tunakaa."

"Nikae na wewe kama nani wangu?"

Bibi kizee alijikunyata kwenye benchi. Josphat akaona ameshika penyewe, maana woga huo ndio aliokuwa akiungoja wiki zote hizi, na moyo ukamjaa raha. Akamgongea Wendy meza kwa kidole. "Endelea."

"Ngoja kidogo, hii mashine imezeeka," Wendy alisema. Alipunguza ile rangi ya kahawia, akaongeza mwanga, akapunguza tena. Musembi alinyanyuka na bakora yake akaja kusimama karibu kabisa na kioo. Kila Wendy aliposogeza kidole, mzee aliuliza ni nini hicho, naye akamweleza.

Miguu ndiyo iliyotokea kwanza, pekupeku, ina vumbi la safari. Josphat akatabasamu. Ikafuata kamba, na mkono ulioikaza. Halafu, juu kidogo ya miguu, ukatokea upindo wa gauni.

"Hapo umekosea," Josphat alisema. "Rudisha nyuma. Rudisha, nimekwambia."

"Sijaongeza kitu. Ndivyo ilivyopigwa."

"Amebadilisha, Mzee. Huyu msichana amelipwa."

"Nimesimama hapa tangu aanze," Musembi alisema. "Msichana, malizia uso."

Wendy alibonyeza. Aliutazama uso uliotokea, akageuka akatazama benchi, akarudi tena kwenye kioo. "Susu," alimwita bibi kizee, "si huyu ni wewe?"

Nthenya alikuwa ameinamisha kichwa. Josphat alishika kiti, na Mzee Musembi akavua kofia, akampita, akaenda kusimama mbele ya yule bibi kizee.

"Kumbe wewe ndiye uliyemwoa mama yake, kama mjane asiye na mtoto anavyoruhusiwa kwetu kuoa mke," alisema. "Mtoto ni wako, Nthenya. Akae au ahame, sema wewe."