Jiwe Alilolikataa Karanja

"Mama Kui, weka hilo jiwe chini," Mzee Karanja alisema. "Wewe rudi nyumbani."

Mama Kui alimtazama mwenyekiti wa ushirika kutoka kofia hadi viatu. Ati arudi nyumbani! Nani, yeye?

"Kiapo cha thenge si mambo ya wanawake," Karanja aliongeza, sauti imeshuka. "Tangu zamani."

"Na kahawa je? Tangu zamani imechumwa na nani? Magunia yalifika kiwandani kwa mgongo wa nani, wako? Ngai! Shamba likiuzwa tunalia sote, laana ikitolewa ni ya wanaume peke yao?"

Wanawake walimpigia makofi. Katikati ya duara thenge mwenyewe, beberu mweusi, alikuwa amelala ubavu, miguu imefungwa, macho yamemtoka. Ng'ambo ya ua, tingatinga la kampuni ya nyumba lilikuwa limeegeshwa juu ya mibuni waliyoipanda wazazi wao. Safu nzima zilikuwa zimeng'olewa, mizizi juu, kahawa mbivu ingali matawini. Bango kubwa lilionyesha maghorofa, bwawa la kuogelea na mzungu anayekunywa juisi. Juisi, hapa nyuma ya Witeithie!

Walikuwa wamejaribu kila njia. Walilala mbele ya tingatinga, polisi wakawanyanyua na kuwarusha kando kama magunia ya viazi. Walienda kwa chifu, chifu akawatuma Thika, Thika ikawarudisha kwa chifu. Kote waliambiwa hivyo hivyo: hati ya shamba ilitoka mikononi mwa mmoja wenu, na jina lake hatulitoi.

Mmoja wenu! Neno hilo ndilo lililomchoma Mama Kui. Mtu anayekaa nao matangani, anayeimba nao kanisani, anayewaomba chumvi. Afadhali mwizi wa mbali, huyo angalau hujui anakoishi. Na sanduku la hati lilikaa ofisini, ufunguo wake mfukoni mwa Karanja. Kila mtu alikuwa na jina hilo kwenye ncha ya ulimi, lakini nani angemtaja mzee wa watu bila ushahidi?

Basi wakarudi kwa dawa ya kale. Kila mwenye hisa ampige beberu jiwe na kumlaani aliyeuza. Asiye na hatia hana la kuogopa.

Pasta alikuwa amewakataza. Hata Kui, bintiye Mama Kui, karani wa ofisi ya ushirika, alikuwa amemshika mamake mkono asubuhi ile.

"Mami, si tumeokoka? Achana na hayo mambo ya mbuzi."

"Wokovu ni wokovu, shamba ni shamba," alimjibu, akajifunga leso kiunoni na kutoka. Alimwacha Kui jikoni, chai imepoa mbele yake. Watoto wa siku hizi, shamba linaliwa, wao wanakumbuka dhambi!

Sasa Mama Kui aliinua jiwe kwa mikono miwili, akalishusha kwa nguvu zake zote. Mfupa ukavunjika.

"Aliyeuza shamba letu avunjike hivi!" alipaza sauti. "Nyumba yake ivunjike! Na tumbo lililomzaa likauke!"

Wazee waligeukiana. Hayo ya tumbo hayakuwamo kwenye kiapo. Lakini umati uliitikia kwa kishindo, na kila aliyemfuata akayarudia, neno kwa neno. Hata Wambua wa kinu cha unga, Mkamba aliyenunua hisa juzi juzi, alipiga na kulaani kama mzaliwa.

Ikafika zamu ya Karanja. Alishika jiwe. Alimtazama beberu, akamtazama Mama Kui, kisha akaliachia jiwe likaanguka.

"Siwezi," alisema.

"Mmeona?" Mama Kui alipiga kelele. "Mmejionea wenyewe?"

Walimvamia. Kofia iliruka huku, bakora ikavunjwa kule, shati likachanika mgongoni. Mama Kui alimpiga kofi la mdomo, mzee huyo aliyekuwa rika la marehemu mume wake, na wala hakuona aibu. Aibu ya nini kwa mwizi? Karanja hakuinua mkono hata kujikinga. Vijana walipaza sauti kwamba nyumba yake ichomwe, wakaondoka mbio na mtungi wa petroli.

Mzee alijikokota hadi barabarani. Mama Kui akamfuata na jiwe lake, akalitia mkononi mwake.

"Karanja, sikiliza. Mimi si mnyama. Rudi umpige huyo mbuzi, nami nitakimbia kuwazuia wale vijana. Wananisikia. Nyumba yako itabaki imesimama."

Karanja alitazama upande wa kwake. Kelele za vijana zilikuwa zimeshafika kwenye lango. Aliinama polepole, akaliweka jiwe kando ya barabara.

"Sikuuza mimi, Mama Kui."

"Sasa kwa nini hupigi? Haki, kwa nini?"

"Aliyeiba ufunguo wangu alikuja kwangu jana, akapiga magoti, akalia mpaka akakauka machozi." Alijifuta damu mdomoni kwa kiganja. "Nilitaka angalau abaki mtu mmoja hapa ambaye hajamlaani Kui."