Waliozama na Meli ya Mbao

"Futa," Bushra alisema, akaisukuma simu ya mgeni hadi ukingoni mwa meza ya cherehani. "Majina yote mawili. Yafute."

Mansour, mumewe, aliona haya. Mgeni katoka Sandton mpaka Rosettenville kwa heshima zake, kaja na keki mkononi, halafu anajibiwa kama mwizi.

Mgeni huyo aliitwa Chris, Mskoti mfanyakazi wa benki, mzaliwa wa kisiwa kimoja kidogo cha kwao. Majira ya baridi yaliyopita, dhoruba ilifukua mchangani mbavu za meli ya kubeba mbao iliyovunjikia hapo karne ya kumi na tisa. Sasa wanakisiwa walitaka kusimamisha jiwe la kuwakumbuka waliozama. Mmoja alikuwa baharia wa Tanga, jina lake Jumbe. Chris aliutafuta ukoo wake mtandaoni, na ndugu wa Tanga wakamwelekeza kwa Bushra, hapa hapa Johannesburg.

Kwenye picha ya jiwe, chini ya jina la Jumbe, palikuwa na jina la msichana wa kisiwani, Isobel. Maandishi yalisema alijitosa majini kumwokoa baharia huyo, naye baharia kwa hofu akamvuta chini, wakazama wote wawili.

"Hatumlaumu," Chris alisema kwa upole. "Mtu anayezama hushika chochote."

"Hammlaumu, lakini mmemchonga muuaji."

"Eish, Mama Nusaiba!" Mansour alinong'ona. "Babu yako anapewa heshima, nawe unaitupa?"

"Heshima hiyo ivae wewe."

Bushra alimgeukia mgeni. "Maiti zao zilionekana?"

"Za wenzake zilionekana. Hao wawili, hapana. Bahari ilichafuka vibaya. Ilichukua hata mashua ya baba yake Isobel, iliyokuwa imefungwa upande wa pili wa kisiwa, penye maji tulivu."

Bushra akacheka. Kicheko kile kilimchoma Chris, uso ulimwiva.

"Jina la Jumbe nitaomba lifutwe, kama ndivyo mnavyotaka," alisema. "La Isobel halifutiki. Alikuwa dada wa babu yake baba yangu. Miaka yote hii tunamlilia. Wewe una haki gani juu yake?"

Mansour alimshika mkewe mkono amtulize. Bushra aliutoa mkono wake, akasimama.

Jambo hili mama yake alimwambia angali msichana, jikoni, mlango umefungwa, akamkanya lisivuke kizingiti. Hata Mansour, baada ya ndoa ya miaka mingi na watoto wanne, hakuwahi kulisikia. Lakini mama hakuliona jiwe hili. Angeliona, Bushra aliamini, angelivunja kwa mchi.

"Rudi kwenu ukawaambie," alisema, sauti haitetemeki. "Waambie Jumbe hakumzamisha mtu."

"Sasa Isobel alikwenda wapi?" Chris aliuliza.

"Alikwenda na mumewe. Wamezikwa Tanga, ubavu kwa ubavu, na mimi ni kitukuu chao."