Suruali ya Siku ya Ndiva

"Simama wima. Usipumue," alisema fundi Hezroni, amepiga magoti, pini tatu mdomoni.

Simeoni akasimama wima kwenye baraza ya duka pale Same, akaacha kupumua. Kwa ajili ya Eliwaza angeacha kupumua hadi Jumatatu.

Suruali ilikuwa ya dangirizi halisi, aliyoinunua kwa mshahara wa genge la reli. Alipoinunua, watu walitaka miguu mipana, na upepo wa Same uliingia humo ukafanya ulivyotaka. Sasa ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Hezroni, kijana kutoka Kighare aliyeshinda nyuma ya cherehani kwa kaptula yenye viraka, alimtangazia kila aliyeshuka mlimani kwamba huko Mombasa miguu mipana imebaki kwa vibabu.

"Nyembamba, bwana. Mguu uonekane unaanzia wapi na unaishia wapi."

"Na hili doa?" Simeoni alionyesha chini kidogo ya goti la kushoto, upande wa nje. Lami ya relini ilikuwa imeacha alama nyeusi iliyofanana kabisa na kichwa cha jogoo, kishungi na mdomo. "Sabuni imeshindwa, mafuta ya taa yameshindwa."

"Hilo linaondoka na mkasi. Vipande vya pembeni hubaki kwa fundi, unajua desturi."

"Chukua vyote. Utazibia hiyo kaptula yako."

Hezroni alicheka kwa adabu, akaendelea kupima. Alikuwa fundi mwenye masikio mazuri, na Simeoni alikuwa na mdomo usio na kifungo. Akamweleza yote. Binti ni wa Mhezi. Baba yake, mzee Aminieli, ndiye msimamizi wa ndiva, lile bwawa linalonywesha mashamba yao. Vijana sita wanamtaka Eliwaza, na mzee amechoka kupigiwa hodi. Amesema mwenye neno aje nalo siku ya msaragambo, kijiji kizima kitakapotoka kuzoa tope la ndiva. Siku hiyo hata mpita njia akishika jembe hupewa makande na kusikilizwa shida yake. Lakini atakayejibiwa kuhusu Eliwaza ni mmoja tu.

"Mzee mwenyewe anapenda nini?"

"Kazi. Suruali haijui. Anayejua suruali ni binti."

"Basi tumshonee binti," alisema Hezroni.

Suruali ilipokwisha, Simeoni alijitazama kwenye kioo cha duka akajipenda. Miguu ilikuwa mirefu, kiuno kimekaa, na yule jogoo hayupo. Alipanda mlima akipiga mluzi njia nzima.

Jumapili akaingia kanisani kwa kuchelewa makusudi, ili aonekane. Alichokiona ni wapinzani wake: Filemoni kwa suruali nyembamba, Reginald kwa suruali nyembamba, na wengine watatu hivyo hivyo, wamejipanga ukutani wakiogopa kukaa. Ya Filemoni ilikuwa nyembamba kuliko zote. Wivu ulimkaba Simeoni hata wimbo hakuuimba.

Jumatatu alfajiri akateremka tena Same.

"Punguza!"

"Nikipunguza zaidi, bwana, hutachuchumaa," alionya Hezroni.

"Nani kakwambia naenda kuchuchumaa?"

Hezroni akashusha pumzi, akachukua mkasi.

Siku ya msaragambo pembe ililia kabla umande haujakauka. Vijana sita walisimama ukingoni mwa ndiva, suruali zimewashika barabara. Wasichana walikuwa ng'ambo na masufuria ya makande, Eliwaza katikati yao.

"Shikamoo, mzee," walisema kwa pamoja.

"Marahaba," alijibu mzee Aminieli, akiwatazama kuanzia chini kwenda juu. "Tope liko kule. Shukeni."

Walishuka ubavuubavu, magoti hayakunjiki. Kifungo cha Filemoni kiliruka, naye akakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hawajafungwa. Reginald alijaribu kuzoa tope amesimama, jembe likafika hewani tu. Simeoni aliiona nafasi yake. Akasali kimoyomoyo, akainama.

Mlio wa kitambaa kuchanika ulisikika hadi ng'ambo. Eliwaza aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtetemeka. Simeoni alirudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ukingo, akabaki hapo amejibana. Aliona aibu mpaka machozi yakamlenga.

Kilichomfariji ni mshamba mmoja katikati ya bwawa. Kofia ya ukindu ilimfika nyusi, tope lilimfika masikio, na suruali yake ilikuwa pana ya kizamani inayopepea kama shuka. Maskini, Mombasa haijamfikia. Lakini mshamba yule alichuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, na tope likaruka ukingoni tangu asubuhi hadi jua la utosi.

"Wewe uliyemo katikati!" aliita mzee Aminieli. "Panda juu ule. Kama una neno, leo nakusikiliza wewe peke yako."

Mtu yule akapanda. Eliwaza mwenyewe alimpelekea kibuyu cha maji, akasimama pale hata baada ya kibuyu kupokelewa. Mtu yule akajimwagia miguuni, taratibu, na tope likateremka. Suruali ikaanza kuonekana: kipande kirefu kimeungwa na kipande kirefu, kumi na viwili au zaidi, vingine vimepauka, vingine vipya, mishono imenyooka ajabu.

Chini kidogo ya goti la kushoto, jogoo mweusi alichungulia, kishungi na mdomo.

Mwenye suruali akapita na sahani yake ya makande, akainamisha kofia kidogo alipomfikia Simeoni pale ukingoni.

"Simama wima, bwana," alimnong'oneza. "Usipumue."