Mgonjwa Hauawi

"Inamisha kichwa mbele, wewe! Nani kakwambia ukiangushe nyuma? Unataka kuinywa damu yako?"

Soko zima liligeuka kutazama. Aliyekuwa akitokwa na damu puani, ameegemea ukuta wa mashine ya unga na kitunguu cha kunusa kilichopasuliwa mkononi, alikuwa Dahi. Aliyekuwa akimfokea alikuwa Nagiya, mjane wa Khalaf. Miaka kumi na moja nyuma, Dahi alimpiga Khalaf risasi kwa ugomvi wa maji ya mfereji. Akafungwa miaka tisa, akatoka. Serikali ilikwisha kumalizana naye, Nagiya bado.

"Bana pua, na usiachie mpaka nikwambie. Hilo blanketi la nini, na jua hili la Julai?"

"Baridi, Mama Rifai." Sauti ilikwaruza, ikatoka polepole.

"Damu hii mara ngapi?"

"Wiki hii mara nne. Shehe kanisomea, wapi."

Nagiya alimkagua bila haya. Uso umevimba, nyusi zimepukutika pembeni, shingo imejaa. Ugonjwa huo aliujua vizuri. Ulimlaza yeye mwenyewe mwaka mzima kabla daktari hajaushika.

"Nenda kapimwe tezi ya shingo. Kesho, si keshokutwa."

Kijiji kikasema Nagiya amelainika. Wengine wakamsifu kwa moyo wake wa huruma, na sifa hizo zilimkera kuliko matusi.

Jioni mwanawe Rifai, kijana wa miaka ishirini, alimjia juu.

"Mama, umenivua nguo mbele za watu! Muuaji wa baba unamuuguza?"

"Kaa kitako. Ukimpiga risasi leo, watu watasema nini?"

Rifai alikaa.

"Watasema umeua maiti. Mgonjwa hauawi, mwanangu. Damu ya mtu anayejifia mwenyewe hailipi damu ya baba yako. Namtaka mzima. Namtaka asimame kwa miguu yake, ndipo umlaze."

Huko kwao, Misri ya juu, aliyeuawa haombolezwi mpaka kisasi chake kilipwe. Matanga ya Khalaf yalikuwa hayajakaliwa. Nagiya hakuwahi kupokea pole hata moja, wala kupika kahawa ya msiba. Alimpenda sana mumewe, na kilio chake chote kilikuwa bado kimemkaa kooni. Dahi akifa kitandani kwa maradhi, kilio hicho angezikwa nacho.

Wiki iliyofuata alikuwa kwenye benchi la kituo cha afya, akingojea vidonge vyake. Mlango wa daktari ulikuwa wazi.

"Si kila pua inayotoka damu ni tezi," daktari, binti Mkristo wa Kikopti asiyependa maneno mengi, alikuwa akimwambia Dahi. "Lakini tezi yako imelala kabisa. Ikilala, mwili wote unasinzia, na damu nayo inachelewa kuganda. Kidonge kimoja kila alfajiri, kabla ya kula. Usiruke hata siku moja."

"Nitaweza kutembea, daktari? Peku, kutoka kwangu hadi ng'ambo ya mfereji?"

"Vumilia miezi michache, utacheza ngoma."

Nagiya alicheka moyoni. Masikini, anawaza shamba lake la miwa.

Tangu hapo akawa mkali kuliko muuguzi. Kila alipokutana na dada yake Dahi alimhoji: amemeza? Anakula? Pua je? Dawa zilipoadimika kituoni, alimpelekea nusu ya zake, akakaa wiki mbili amejikunyata kwa baridi, akihesabu siku kwa furaha.

Miwa ilipoanza kukatwa, Dahi alilitupa blanketi. Sauti ikarudi, pua ikakauka. Siku Nagiya aliposikia kwamba amebeba gunia la unga begani peke yake, alikwenda dukani akanunua kahawa kilo mbili.

"Ijumaa," alimwambia Rifai. "Akitoka msikitini."

Ijumaa mama na mwana walijibanza juu ya paa la nyumba yao, bunduki ikitazama njia ya msikitini, ng'ambo ya daraja la mfereji. Dahi alitoka msikitini. Badala ya kushika njia ya kwake, alikuja moja kwa moja darajani, na nyuma yake kijiji kizima. Mungu anamleta mwenyewe, Nagiya aliwaza, na machozi yakaanza kumlengalenga. Dahi alivua kilemba, akavua viatu, akavuka.

"Sasa," alisema Nagiya.

Rifai alilenga. Kisha akaishusha bunduki.

"Mama, tazama mikono yake."

Dahi alikuwa amebeba sanda yake mwenyewe, imekunjwa, juu ya mikono miwili iliyonyooshwa. Mtu anayekuja hivyo, peku na kichwa wazi mbele za watu, amejisalimisha. Damu yake haidaiwi tena, na atakayemgusa atabeba aibu hadi kwa wajukuu.

Alisimama wima chini ya ukuta wao, akapaza sauti iliyosikika hadi mashambani.

"Mama Rifai, niwie radhi nimechelewa! Tangu nitoke jela nataka kukuletea sanda hii, miguu ikawa hainibebi. Mungu akulipe kwa vidonge vyako."